Kutoka Kalemie Hata Moba: Kompyuta Ndani ya Mashua

Mtu afikaye Kalemie kwa mara ya kwanza hushangaa kuona maji yasiyo na mwisho. Ng'ambo ya pili iko Tanzania, lakini siku nyingi za kiangazi milima yake haionekani, kwa kuwa moshi wa mbuga zinazochomwa hutanda juu ya maji kama pazia. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita kama 670, na mahali penye kina kupita pote mtu angepima mita 1470. Hapo Kalemie, mji ulioitwa zamani Albertville, maji ya ziwa hupata mlango wao mmoja tu wa kutokea, yaani mto Lukuga, nayo huenda zake hata Lualaba. Hapo pia reli hukoma. Anayetaka kuendelea kusini mpaka Mpala na Moba ana barabara, ambayo wakati wa mvua ni matope matupu, au ana maji.

Mimi nimepita kwa maji mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa na mzigo wa namna moja: kompyuta yenye vitabu, kwa ajili ya watoto wa darasa la sita katika vijiji vya pwani. Katika shule nyingi za huko kitabu cha sayansi ni kimoja, naye mwalimu ndiye anacho. Watoto hunakili ubaoni. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi huwauliza mambo yaleyale wanayoulizwa watoto wa Lubumbashi na Kinshasa, wala hauwaonei huruma kwa kuwa hawakuona picha ya moyo wa mtu au ramani ya mito.

Safari ya kwanza ilinishinda, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nitaieleza bila kuficha, maana wengi wanaonunua paneli za jua leo huanguka katika shimo lilelile.

Mashua yetu ilikuwa ya mbao, urefu wake kama mita 14, yenye injini nyuma na turubai juu ya nguzo. Ilibeba unga, sabuni, magunia ya chumvi, mbuzi watatu, na watu ambao idadi yao nahodha aliiandika katika daftari. Juu ya paa aliweka paneli moja ya wati 100, na chini ya kiti chake palikuwa na betri moja ya gari ya ampea-saa 100. Betri hiyo iliwasha taa mbili za mashua, moja mbele na moja nyuma, zilizokuwa na balbu za kale za gari, kila moja wati 21. Nami nikamwomba nahodha ruhusa ya kufunga inveta yangu, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama umeme wa mjini, ili nitumie kompyuta yangu kubwa ya kukunja. Yeye akanitazama, akasema, "Mwalimu, betri hii ni ya taa." Nikamjibu kwamba jua la Tanganyika ni kali, kesho yake litarudisha yote. Alikuwa mtu mpole, akakubali.

Tuliondoka Kalemie saa kumi na mbili jioni, kwa sababu katika kiangazi upepo wa kusini huinua mawimbi mchana, na manahodha wengi hupenda usiku. Usiku ule wote nilikaa natayarisha masomo. Abiria wakaona umeme upo, wakaniletea simu zao zichajiwe. Sikumkatalia mtu. Asubuhi tulipita rasi ya Tembwe. Adhuhuri tukafika Mpala, mahali ambapo Émile Storms, askari Mbelgiji, alijenga kituo mwaka 1883, nao Mapadri Weupe wakakipokea mwaka 1885. Kuta za zamani bado zinatazama ziwa. Hatukukaa. Jioni tukatia nanga katika kijiji kimoja kusini kwake, ambako watoto 52 walikuwa wamekwisha kukaa juu ya mchanga, kila mmoja na daftari lake, kwa kuwa shuleni hapana umeme.

Nilifungua kompyuta. Ikawaka. Nilikuwa nimefika picha ya pili, nayo ilikuwa picha ya mapafu, wakati inveta ilipoanza kulia kama kifaranga, pii, pii, pii, kisha ikazima. Betri ya ndani ya kompyuta, ambayo ilikuwa nzee, ikasaidia dakika nne. Baada ya hapo watoto walitazama kioo cheusi. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Walingoja kwa adabu mpaka giza lilipoingia, wakaenda kwao.

Lakini jambo baya kuliko hilo lilikuja usiku wa kurudi. Mchana ule mawingu yalifunika jua, na paneli haikurudisha hata nusu ya kilicholiwa. Taa za mashua zikawa nyekundu kama kaa la moto linalozimika. Mbele yetu palikuwa na wavuvi wa ndagala, mitumbwi miwili miwili, na taa zao zikimeremeta juu ya maji; sisi tuliwaona vizuri, wao hawakutuona sisi. Tulisikia kelele, nahodha akapinda usukani kwa nguvu zote, na ubavu wa mtumbwi ukatupita karibu kiasi cha urefu wa kasia. Wasomaji wanaokaa kando ya ziwa hili wanajua maana yake. Mwezi wa Desemba 2014 watu zaidi ya mia moja walikufa katika maji haya haya, boti Mutambala ilipopinduka.

Nahodha hakunikaripia. Baada ya kimya kirefu alionyesha wavuvi kwa kidole, akasema, "Tazama hao. Taa zao zinakula kidogo kuliko zangu, nazo zinaita samaki toka chini."

Ni kweli. Zamani wavuvi wa ndagala walitumia karabai, taa za kupampu zilizokula mafuta ya taa usiku kucha, na fedha nyingi ya samaki ilirudi kwa mwuza mafuta. Siku hizi wengi wana taa za LED, zenye kokwa ndogo zinazotoa mwangaza mwingi kwa wati chache, na betri ndogo inayochajiwa na jua mchana. Mvuvi asiyejua kusoma amekwisha kupiga hesabu ambayo mimi, mwalimu wa hesabu, sikuipiga.

Niliporudi Kalemie nilimwendea fundi mmoja wa umeme, kijana ambaye hutengeneza redio na simu karibu na soko. Nilitaka kununua paneli ya pili na betri ya pili. Alicheka kidogo, akaniuliza kwanza niandike kila kitu kinachokula, kinakula wati ngapi, na kwa saa ngapi. Wati moja ikiliwa kwa muda wa saa moja, tunasema wati-saa moja. Ninyi vijana wa shule, chukueni kalamu, hesabu yenyewe si ngumu.

Taa mbili za wati 21, kwa saa 10 za usiku: wati-saa 420. Kompyuta ya kukunja, pamoja na kinachopotea njiani, wati kama 50, kwa saa nane: 400. Inveta yenyewe, ambayo sikuizima kamwe, ilikula wati kama nane hata wakati haikuwa na kazi yoyote. Kwa saa 16 zilizobaki ni 128. Tena simu za abiria, kama 100. Jumla imepita 1000. Na upande wa mapato? Paneli ya wati 100 haitoi wati 100 kutwa nzima. Asubuhi na jioni jua liko chini, mchana paneli yenyewe ikishapata moto hupoteza karibu nusu sehemu katika mia kwa kila digrii moja ya joto. Siku njema katika nchi yetu utapata wati-saa 300 mpaka 400. Nayo betri? Ampea-saa 100 kwa volti 12 ni wati-saa 1200 kwa maandishi. Lakini betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, na betri ya gari ndiyo dhaifu zaidi, kwa kuwa ilitengenezwa kwa kuamsha injini kwa nguvu nyingi ya dakika moja, si kwa kulisha taa usiku kucha. Kila unapoikausha, unaiua kidogo. Basi nilikuwa na akiba ya 600, mapato ya 350, na matumizi ya 1000.

"Hata ukinunua paneli ya pili," akasema fundi, "utamwaga tu zaidi."

Akachukua kibuyu na ndoo. Akaniambia, "Nguvu iliyomo ndani ya betri ni ya volti 12. Inveta huipandisha mpaka 220: hiyo ni kumimina kwa mara ya kwanza. Kisha kisanduku cha chaja cha kompyuta yako huishusha tena mpaka 19: hiyo ni mara ya pili. Ndani ya kompyuta hushushwa tena mara nyingi. Kila ukimimina, kidogo humwagika." Katika inveta za kawaida sehemu kumi au kumi na tano katika mia hupotea, na katika chaja karibu kiasi hicho hicho. Nikamwuliza, kwa nini basi tunaipandisha, kama lazima ishuke tena? Akanijibu kwamba ndilo swali alilokuwa akilingoja.

Dawa yake ilikuwa ya kuondoa, si ya kuongeza. Aliondoa inveta kabisa. Aliondoa balbu za gari, akaweka taa mbili za LED za wati tatu tatu, zenye kung'aa kuliko zile. Tena kompyuta kubwa aliiacha nyumbani, na mahali pake akanipa kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, bamba moja lisilozidi ukubwa wa kiganja. Kompyuta za jina hilo zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, kwa nia ya kuwafundisha vijana kuandika programu kwa gharama ndogo. Yangu hula wati kama nne ikiwa kazini. Haihitaji volti 220 wala 19. Yataka tano tu, sawasawa na simu. Kwa hiyo kati ya betri na kompyuta pana kishushi kidogo kimoja, kinachoshusha 12 iwe tano kwa kupoteza pungufu ya sehemu kumi katika mia. Kumimina mara moja, basi.

Mtu atauliza: vitabu viko wapi, na kioo kiko wapi? Vitabu viko ndani ya kadi ya kumbukumbu iliyo ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Kwa programu iitwayo Kiwix, ambayo ilianza mwaka 2007, mtu anaweza kubeba Wikipedia ya Kifaransa na ya Kiswahili pamoja, aisome pasipo intaneti. Tena kioo si lazima. Kompyuta hiyo ndogo hutoa waifai yake yenyewe, nao walimu husoma kwa simu zao, kila mmoja ukurasa wake. Kioo kidogo cha wati sita nilikichukua kwa ajili ya watoto, kiwashwe saa ya somo tu.

Sisi si wa kwanza kufikiri hivyo. Mwanamke mmoja na mwenzi wake, Rekka Bellum na Devine Lu Linvega, waliondoka pwani ya magharibi ya Kanada mwaka 2016 katika chombo cha matanga kiitwacho Pino, chenye urefu wa mita kumi hivi, wakazunguka bahari ya Pasifiki hata New Zealand na Japani. Mwaka 2020 walitoka Japani kurudi Kanada, siku 51 bila kuona nchi kavu. Kazi yao ni kuandika programu na kuchora, na umeme wao hutoka juani. Wakati hakuna jua hakuna kazi. Basi badala ya kutafuta betri kubwa zaidi walitengeneza programu zilizo ndogo zaidi, kwa mashine ya kuwaziwa waliyoiita Uxn, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64, ambayo hata kompyuta ya zamani iliyotupwa huweza kuiendesha bila kutoka jasho. Nilipoisoma habari yao nilimkumbuka nahodha wetu na wavuvi wake.

Mwaka uliofuata, katika kiangazi, tulitoka tena Kalemie. Nahodha alikubali kunichukua, lakini safari hii alikaa juu ya kisanduku cha betri kama kuku juu ya mayai, na mbele yake fundi alikuwa amefunga kipimo cha volti chenye tarakimu nyekundu. Betri ilikuwa mpya, ya namna inayovumilia kushushwa polepole. Paneli ilikuwa ileile moja ya wati 100, ila fundi aliiinua juu ya turubai kiasi cha mkono, upepo upite chini yake na kuipoza.

Usidhani kwamba safari haikuwa na matata. Asubuhi ya kwanza nahodha alilalamika kuwa kipimo hakipandi na jua limekwisha kutoka. Tukapanda kutazama: mama mmoja alikuwa ameanika kitenge cha mtoto juu ya paneli, tena kwa uangalifu, kikifunika robo yake tu. Lakini vipande vya paneli vimefungwa kimoja nyuma ya kingine kama watu wanaopita njia nyembamba; wa mbele akisimama, wote husimama. Mama alipoambiwa, akaondoa kitenge, akauliza kama samaki wanaweza kukauka pale. Hapana, mama, hata samaki.

Matata ya pili yalikuwa ya kompyuta. Nilipowasha kioo, pembeni pakaonekana alama ya radi, na kompyuta ikawa nzito, mara mbili ikazima na kuanza tena. Hiyo ni alama yake ya kulia njaa: haipati volti zake tano. Nilikuwa nimeweka kishushi karibu na betri, kisha nikavuta waya mwembamba wa simu, mita tatu, mpaka mbele nilipokaa. Sasa sikilizeni, maana hapa wengi hupotea. Waya mwembamba hula volti. Ampea moja ikipita katika waya kama ule, nusu volti hubaki njiani. Ukitoa nusu katika tano, kompyuta hupata nne na nusu, haiishi. Lakini ukipeleka volti 12 kwa waya huo huo, ampea zinazohitajiwa ni pungufu ya nusu, na hasara ni robo ya volti hivi katika 12, ambayo hakuna anayeihisi. Kwa hiyo nikahamisha kishushi, nikakiweka kando ya kompyuta yenyewe, na kutoka betri mpaka pale nikatumia waya mnene ambao fundi alinipa wa akiba, wenye fyuzi karibu na betri. Radi ikaondoka, haikurudi. Nilimshukuru Mungu kwamba kadi ya kumbukumbu haikuharibika, kwani kompyuta hizi zikikatiwa umeme ghafula huweza kupoteza yaliyoandikwa. Tangu siku ile huizima kwa amri yake, kama mtu anavyofunga kitabu, wala sichomoi waya.

Hesabu ya safari hiyo niliiandika nyuma ya daftari la abiria. Kompyuta kwa saa kumi, wati-saa 40. Kioo kwa saa tatu, 18. Taa mbili usiku wote, 66. Simu tano, si zaidi, 75. Ukiongeza kinachomwagika, jumla haifiki 230. Paneli ikileta 300, tulikuwa tunaweka akiba. Siku moja mvua isiyo ya wakati wake ilitukuta kabla ya Mpala, mawingu yakakaa mpaka jioni, na kipimo kilishuka kidogo tu.

Tulifika kijijini saa kumi. Watoto wengine walikuwa wale wa mwaka jana, sasa ndugu zao wadogo wamekuja pamoja nao. Wale wakubwa walikuwa wamekwisha kufanya mtihani, na katika hao si wote walioshinda. Nikaanza pale nilipoishia, kwenye mapafu. Walimu watatu walisoma kwa simu zao na kuandika ubaoni. Msichana mmoja mdogo aliuliza kama ndani ya kompyuta mna ndagala pia. Tukatafuta, tukamkuta, na jina lake la Kilatini, *Stolothrissa tanganicae*, likaandikwa ubaoni kwa chaki. Wazee waliokuwa wamesimama nyuma wakasogea mbele kusoma, wakabishana kwa muda mrefu, kwani kitabu kilisema jambo moja juu ya samaki huyo nao walijua jingine. Somo likaendelea mpaka saa mbili ya usiku, kwa mwanga wa taa ya mbele ya mashua, ambayo nahodha aliigeuza mwenyewe ituelekee.

Kutoka hapo mpaka Moba ni safari fupi. Bandari iko chini, na Kirungu iko juu mlimani, ambako kanisa kubwa la matofali huonekana toka mbali. Nyuma yake milima ya Marungu hupanda, na usiku wa kiangazi baridi yake hushuka mpaka ziwani. Nilimkuta nahodha kabla ya mapambazuko, amejifunika blanketi, anatazama tarakimu nyekundu: 12.5. Taa zote mbili zilikuwa zikiwaka bado.

"Mwalimu," akasema, "fundi wako anaweza kunitafutia na mimi kompyuta hiyo? Nataka majina ya abiria yabaki nchi kavu, si ndani ya mashua tu."